Kilo Zinapanda, Madebe Yanashuka: Lebo za Vipimo Kasulu na Kibondo

Ingia duka la jumla Kasulu mjini au Kibondo, usinunue kitu, soma vifungashio tu. Saruji kilo 50. Mbolea kilo 50 au 25. Chumvi gramu 500. Mafuta ya kula lita 1, lita 5, lita 20. Mtungi wa gesi kilo 6. Karibu kila kilichopanda na lori kutoka Kigoma mjini, Kahama au Dar es Salaam kimeandikwa uzito au ujazo wake, na nyuma ya namba hiyo kuna sheria ya Tanzania na makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi nane. Kisha vuka barabara uende wanakokaa wauza mazao. Maharage yanapimwa kwa debe, karanga kwa kopo, asali imo kwenye dumu la njano, muhogo mkavu umo kwenye magunia yaliyovimba juu hadi yakashonwa kwa kamba. Hivi ndivyo vinavyoshuka kwenda mijini, na havina namba yoyote.

Kanuni za lebo za vipimo zimepokelewa nyanda za juu za Kigoma kwa upande mmoja. Zinamlinda Muha, mwenyeji wa nyanda hizi, anaponunua sukari, zinamwacha anapouza maharage. Na kwa kuwa fedha ya kununulia sukari hiyo hutoka kwenye maharage, upande ulioachwa ndio mzito. Mijadala mingi ya vipimo huishia kwenye swali la mwenye duka anayepunja wateja. Hilo ni swali la kweli, lakini dogo kuliko la pili: nani anapata namba, na anaipata lini, kabla ya bei kupatanwa au baada ya mzigo kuondoka?

Kilo si mgeni huku. Ujerumani ilianza kutumia mfumo wa metriki mwaka 1872, na ilipotawala Afrika Mashariki, Buha (nchi ya Waha), Ruanda na Urundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja. Wabelgiji walipoitwaa Kigoma mwaka 1916 na kukaa hadi 1921, nao walikuja na kilo na lita. Waingereza ndio waliopindua mambo kwa ratili, galoni na yadi zao, na mambo yakakaa hivyo hadi baada ya uhuru. Debe tunalolijua ni la zama hizo: kopo la bati la mafuta ya taa, galoni 4, yaani lita 18 na ushei. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania, Kenya na Uganda zilihamia metriki kipindi kimoja, wakati Jumuiya ya kwanza ikiwa hai. Burundi na Kongo hazikuwa na pa kuhamia, kwani metriki ndiyo ziliyorithi. Kwa hiyo mtu wa Mabamba, kule mpakani Kibondo, na mwenzake wa upande wa pili wa mpaka hawana ugomvi wa kilo na ratili. Ugomvi wa kizio ulikwisha zamani, na kilichobaki ni ukweli wa namba na njia inayopitia.

Kisheria mambo yamekaa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania Bara ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ya mwaka 1982, na tangu 2002 inasimamiwa na Wakala wa Vipimo. Ubora na lebo za vyakula ni kazi ya Shirika la Viwango (TBS), lililoundwa kwa sheria ya 1975 na kukabidhiwa majukumu ya chakula ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) mwaka 2019. Juu yao iko Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Viwango, Ubora, Vipimo na Upimaji ya mwaka 2006. Hiyo inataka kiwango kikishatangazwa kuwa cha Afrika Mashariki, kila nchi mwanachama ikipokee ndani ya miezi sita na kuondoa cha kwake kinachopingana nacho. Kiwango cha lebo za vyakula vilivyofungashwa ni EAS 38. Kinataka jina la chakula, viambato, jina na anwani ya aliyefungasha, tarehe, na kiasi halisi kwa vizio vya metriki. Mama yake ni kiwango cha mwaka 1985 cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula. Tanzania iko pia kwenye Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambako nchi wanachama zina ushirikiano wao wa vipimo vya kisheria wenye waraka wake wa lebo, nao umechota kisima kilekile: mapendekezo namba 79 na 87 ya Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, OIML, lililoundwa 1955 na kuweka makao Paris. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Kasulu anayeuza Burundi na Zambia hahitaji lebo mbili za uzito. Kwenye karatasi, kazi ya kikanda imefanyika.

Pendekezo namba 87 linastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndilo linaloamua mfuko "umepungua" maana yake nini, na wanunuzi wengi hawajawahi kuelezwa. Hakuna mashine inayojaza mifuko yote sawasawa. Kwa hiyo sheria za namna hii haziangalii mfuko mmoja, zinaangalia shehena. Kwanza, wastani wa shehena usiwe chini ya namba iliyoandikwa. Pili, mifuko inayopungua kupita kiwango kinachovumilika iwe michache sana, asilimia 2 na nusu hivi. Tatu, usiwepo hata mmoja uliopungua mara mbili ya kiwango hicho. Kiwango chenyewe kina jedwali: pakiti ya gramu 100 inavumiliwa gramu 4.5, ya gramu 500 na ya kilo 1 inavumiliwa gramu 15, mfuko wa kilo 10 gramu 150, wa kilo 25 gramu 250, wa saruji wa kilo 50 nusu kilo. Alama ndogo ya ℮ iliyo kwenye baadhi ya bidhaa za Ulaya inatangaza utaratibu wa aina hiyo hiyo, walioanza nao kwa agizo la mwaka 1976.

Yapo mambo mawili yanayofuata ambayo watu wa nyanda za juu wanapaswa kuyajua. La kwanza: ukipima mfuko mmoja wa unga wa kilo 25 ukakuta kilo 24 na gramu 800, hujamkamata mtu. Kosa linathibitishwa kwa sampuli nyingi, na mahali pa kuzichukulia ni kiwandani au kwenye ghala kubwa. Mkaguzi anayezunguka maduka ya Kibondo kupima pakiti moja moja anatumia siku yake vibaya, labda awe anatafuta mifuko iliyofunguliwa na kujazwa upya. La pili ni gumu zaidi. Kiwanda chenye mashine nzuri kinaweza kulenga karibu kabisa na kilo 1 na wastani ukatimia. Mama anayejaza chupa 40 za gramu 250 kwa mkono, kwa mizani ya jikoni inayohesabu kwa hatua za gramu 5, anavumiliwa gramu 9 tu kwa chupa. Ili awe salama lazima azidishe kila chupa. Kanuni ileile inamgharimu mdogo zaidi kuliko mkubwa, na gharama hiyo haionekani kwenye kitabu chochote.

Ipo pia hila ambayo kanuni hizi haziigusi. Lebo inatakiwa iwe ya kweli, haitakiwi kuwa kubwa. Mnunuzi huomba "mche mmoja wa sabuni" au "pakiti ya majani", haombi gramu. Mtengenezaji akipunguza gramu, akaandika gramu mpya kwa ukweli na kuacha umbo na bei vilevile, hajavunja sheria. Ulaya nayo iliachana na vipimo maalumu vya lazima kwa bidhaa nyingi kuanzia 2009, ikiamini mnunuzi atasoma. Mimi nadhani kwa soko letu hilo ni kosa. Sabuni ya mche, unga, sukari, chumvi na mafuta ya kula vingewekewa ukubwa maalumu, visiuzwe kwa gramu 380 wala mililita 850. Asiyesoma analindwa na ukubwa anaoujua kwa mkono na jicho.

Sasa twende kwenye asali, kwa sababu hakuna bidhaa inayoonyesha wazi zaidi namna namba inavyokosekana upande wa mkulima. Misitu ya miombo ya Kibondo na Kakonko, hadi kwenye pori la Moyowosi, ni nchi ya nyuki. Warina asali wanarudi na madumu ya lita 20, na dumu ndilo linalouzwa. Anayeuza chini ya dumu humimina kwenye chupa za maji zilizotumika, ya nusu lita au ya lita moja na nusu. Mjini asali inauzwa kwa gramu, kwenye chupa yenye lebo. Kati ya lita na gramu kuna hesabu moja ambayo wanunuzi wanaijua na warinaji wengi hawajaambiwa: lita moja ya maji ni kilo moja, lita moja ya asali iliyoiva ni kilo 1.4 hivi. Dumu la lita 20 ni kilo 28.

Mrinaji akifikiri kwamba dumu lake litatoa chupa 40 za nusu, anakosea. Chupa ya mjini ni ya gramu 500, si nusu lita, na dumu linatoa chupa 56. Chupa 16 zimepotelea kwenye tofauti ya kizio, bila mtu yeyote kuchezea mizani. Na bei inadanganya vivyo hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya asali mjini ni shilingi 10,000. Mrinaji anayeuza lita kwa 9,000 atadhani dalali anapata elfu moja, kumbe lita hiyo ina mali ya 14,000. Ile chupa ya maji ya nusu lita iliyojazwa asali ina gramu 700, huku lebo yake, kama haijabanduliwa, bado inasema mililita 500 za maji ya kiwanda kisichohusika. Hapo lebo ya uongo ipo kisheria, na anayeumia zaidi ni yule aliyejaza.

Kiwango cha Codex kinasema vinavyomiminika viandikwe kwa ujazo, vigumu kwa uzito, na vizito vya kunata kwa chochote kati ya hivyo viwili. Asali imeangukia kwenye hiyo "chochote". Kwa Ulaya, ambako asali hununuliwa kutoka kwa mfugaji kwa kilo na kuuzwa kwa gramu, uhuru huo hauna madhara. Kwetu unafungua mlango wa kununua kwa lita na kuuza kwa gramu. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha asali, EAS 36. Ningependa kuona kinatamka kizio kimoja, kilo, kuanzia kwenye dumu la kijijini. Mawese ya ukanda wa ziwa, ambayo nayo hupandishwa Kasulu kwa madumu, yana hesabu kinyume: lita 20 ni kilo 18 hivi, na huko anayenunua kwa kilo ndiye anayetoa kidogo zaidi. Hata mbolea inayouzwa kwa kopo ina tatizo lilelile, kwani kopo la DAP ni zito kuliko kopo hilohilo la urea, na mkulima aliyepewa ushauri wa kilo kwa ekari anaweka kiasi asichokusudia.

Kwenye maharage hasara haina hata sura ya hesabu. Debe hujazwa na anayenunua. Hulitikisa, hulisukuma kwa goti, kisha huweka kilele juu. Gunia linalohesabiwa kuwa la debe 6 huongezewa kilemba hadi 7, nayo ndiyo lumbesa. Mkulima anayeuza magunia 6 ya namna hiyo ametoa debe 6 za ziada, yaani gunia zima la bure. Kanuni za vipimo zinazuia gunia la mazao kuzidi kilo 100, na viongozi wa ngazi zote wamekemea lumbesa mwaka baada ya mwaka. Haijaisha, na sababu iko wazi: gunia hujazwa shambani au kwenye gulio, mahali pasipo na mizani, na hukamatwa, likikamatwa, barabarani likiwa tayari mali ya mfanyabiashara. Adhabu inalipwa serikalini. Debe la ziada halirudi kwa aliyelitoa.

Watu huuliza kama wakulima wa milimani wanaweza kuuza kwa kilo. Wanauza tayari. Kahawa ya Manyovu na Kasulu hupokelewa na vyama vya msingi kwa mizani, kwa kilo, na tumbaku ya Kasulu na Kibondo vilevile. Tofauti ya kahawa na maharage haiko kwenye elimu ya mkulima. Mnunuzi wa mwisho wa kahawa yuko ng'ambo, anataka tani na kilo, na takwa lake limeshuka hatua kwa hatua hadi kwenye mlango wa chama. Maharage yanayokwenda Mwanza au Dar es Salaam hayajapata mnunuzi wa mwisho anayedai hivyo, ingawa hatimaye baadhi yatafungwa kwenye pakiti za kilo 1 zenye lebo safi. Kipimo kinaingia kwenye safari ya maharage siku ya mwisho, baada ya kila mtu kulipwa isipokuwa kwa haki.

Mizani peke yake haitoshi, na anayeihubiri kama dawa ya kila kitu hajakaa ghalani. Kilo 100 za maharage yenye unyevu wa asilimia 18 zikikauka hadi asilimia 14 zinabaki kilo 95 na kidogo. Mnunuzi anayepima kwa kilo bila kipima unyevu atapoteza kilo 5 kwenye gunia na kulipiza kwa kushusha bei kwa wote, waliokausha na wasiokausha. Debe halina tatizo hilo kwa kiasi hicho. Ndiyo maana kwenye msimu wa mvua hata wafanyabiashara waaminifu wanalikumbatia.

Kuna mahali pengine kilo zilipoingia kwa nguvu: kambi za wakimbizi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka kwa wingi. Kwa miaka hii yote unga, kunde, chumvi na mafuta vimeshushwa kwa magunia ya kilo 50 na makopo ya lita 4, na mgao wa kila mtu umehesabiwa kwa gramu kwa siku. Ni moja ya sehemu chache za mkoa ambako mama asiyekwenda shule anajua uzito wa unga anaostahili na anaweza kudai ukipungua. Magunia yale yale ya msaada kutoka Marekani yameandikwa kilo, na nchi iliyoyatuma bado inauza nyumbani kwake kwa pauni. Tangu Februari 1994 sheria yake inataka bidhaa nyingi za dukani ziandikwe vizio vyote viwili. Makopo matupu ya mafuta hayakutupwa. Utayakuta kwenye magulio ya jirani yakipimia mahindi, kama debe la mafuta ya taa lilivyofanya zamani. Kifungashio kilichokuja na namba kinapoteza namba na kubaki chombo.

Vijana na vikundi vya akina mama wanaotaka kufungasha bidhaa zao wenyewe, asali, unga wa muhogo, karanga, wanakutana na ngazi ndefu. Mizani inayofaa kufungashia kilo 1 si ile ya saa ya kilo 100 yenye alama za kila nusu kilo, ambayo ndiyo iliyopo kijijini. Inatakiwa nyingine, nayo ihakikiwe na kuwekewa stika kila mwaka, wakati ofisi ya Wakala ya mkoa iko Kigoma mjini, zaidi ya kilometa 200 kutoka Kibondo. Vifungashio navyo vimebadilikiwa na sheria. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na Aprili 2021 zikafuata zile nailoni nyepesi angavu ambazo kila muuza karanga alikuwa akifungia. Nia ilikuwa njema na mitaro imepumua. Lakini kifungashio halali chenye lebo iliyochapwa hununuliwa kwa idadi kubwa, mara nyingi mbali na wilaya hizi, na mjasiriamali wa chupa 40 hana mtaji wa kulala na vifungashio elfu moja. Matokeo yake ananunua mifuko iliyokwisha kuchapwa namba na kuijaza kwa ujazo: mfuko unasema kilo 5 kwa sababu ndio uliokuwepo. Hakukusudia kupunja. Namba ilitangulia unga.

Hapo kuna jambo dogo linaloniuma kila nisomapo magunia ya mashine zetu. "KGS 25", "GMS 500", "LTS 5". Alama sahihi ni kg, g na L, hazina wingi, na K kubwa ni ya kelvini, kizio cha joto. Mchapaji mmoja aliyeelekezwa vizuri angesahihisha mamia ya lebo kwa siku moja. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, limekuwa likiwasaidia wajasiriamali wadogo kwa barua za utambulisho zinazowapunguzia mzigo wa gharama za alama ya TBS katika miaka ya mwanzo. Msaada kama huo ungefika mbali zaidi ukianzia kwa mchapaji na kwenye mizani ya pamoja ya kikundi.

Mpakani, Manyovu na Mabamba, mambo ni mepesi kidogo. Sheria ya Jumuiya ya 2006 inataka alama ya ubora ya nchi moja itambuliwe na nyingine, na mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia. Mfanyabiashara mdogo mwenye pakiti zenye lebo sahihi ana cha kuonyesha. Mwenye gunia lisilopimwa yuko mikononi mwa makadirio ya afisa, na makadirio hayana rufaa.

Wanaolitetea debe wana hoja nzito, na nisingependa zipuuzwe. Debe linaonekana. Mzee asiyesoma analiona limejaa au halikujaa, ilhali mizani inaweza kuchezewa kwa skrubu moja nyuma. Mwenye shilingi mia tano anataka karanga za mia tano, hataki gramu. Yote ni kweli. Uingereza yenyewe, mwaka 2001, ilimtia hatiani muuza matunda wa Sunderland, Steve Thoburn, kwa kupima ndizi kwa mizani ya ratili, na watu wengi wakaona sheria imewaonea wadogo. Kilichokuja kutuliza mambo Ulaya ni ruhusa ya kuandika vyote viwili, kilo ikiwa ndiyo ya kisheria na kizio cha zamani kikikaa pembeni. Nadhani na sisi tunahitaji daraja la namna hiyo, si vita. Kila gulio lingekuwa na debe moja lililohakikiwa na mizani moja iliyohakikiwa, na asubuhi ya gulio debe la maharage, la mahindi na la muhogo yapimwe mbele ya watu, kisha uzito uandikwe ubaoni kwa chaki. Anayetaka kuuza kwa debe auze, akijua lina kilo ngapi leo, kwa unyevu wa leo. Bei ya simu kutoka Mwanza inayotajwa kwa kilo itapata mahali pa kulinganishwa.

Nani alipie? Halmashauri, na kwa faida yake. Ushuru wa mazao ni sehemu ya mapato yake, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilielekeza kwamba mazao yasiyofika tani moja yasitozwe ushuru yanaposafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tani moja ni magunia 10 ya kilo 100, lakini ni chini ya magunia 9 ya lumbesa ya debe 7. Mkulima anayesafirisha magunia yake 9 yaliyojazwa hivyo, akiamini yuko chini ya kiwango, atakuwa amekivuka bila kujua, na mfanyabiashara anayelipa ushuru kwa kuhesabu magunia anapitisha mzigo asioulipia. Pande zote mbili za hesabu hiyo zinapotoka kwa sababu moja, na mizani ya kuirekebisha ni ileile inayohitajika kwenye gulio. Mara nyingi imewekwa getini, mahali ambapo mzigo umeshauzwa. Ihamishiwe Mabamba siku ya gulio na Makere, Kasulu, siku ya gulio, saa moja kabla ya wanunuzi kufungua mifuko yao.